Riziki iko kwenye besi: njia yangu hadi kiti cha selo katika okestra za baroko

Kila baada ya muda napokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Unguja, Nairobi au Dar es Salaam anayepiga selo (ile fidla kubwa ya sauti za chini), na ambaye amegundua kwamba Ulaya kuna okestra zinazopiga muziki wa karne ya 17 na ya 18, yaani wa zama za baroko na baada yake kidogo, kwa ala za zama hizo. Anataka kujua aanzie wapi. Karibu kila mmoja anaambatanisha rekodi ya muziki wa mtunzi Bach, mara nyingi Preludi ya suti ya kwanza (suti ni mfululizo wa vipande, na hizi ni za selo peke yake), na wengi wanaipiga vizuri. Bado sijapata aliyenitumia rekodi akimsindikiza mwimbaji. Naandika haya kwa ajili yao, kwa sababu mpiga selo wa okestra ya baroko haajiriwi kwa suti za Bach. Anaajiriwa kwa besi, yaani ule mstari wa noti za chini unaowabeba wengine, na anayelijua hilo mapema anaokoa fedha na miaka.

Mimi ni wa Mji Mkongwe, na selo kwetu si kitu kigeni. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha tangu 1905, na Culture Musical Club cha 1958, vyote vimeikaribisha selo safu moja na fidla, kanuni, udi na akodiani. Mara ya kwanza niliishika Dhow Countries Music Academy, chuo kilichofunguliwa 2002 ndani ya jengo la zamani la forodha pale Mizingani. Maalim wangu alikuwa mzee wa fidla. Hakuniruhusu kugusa upinde mpaka niweze kuuimba wimbo wote na kueleza beti zake zinasema nini. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "humfuati mpiga dumbaki, unamfuata anayeimba. Akivuta pumzi, na wewe vuta."

Uholanzi nilikwenda kusomea selo ya kawaida, ile ya nyuzi za chuma. Mjomba wangu anaishi Rotterdam, akanipa chumba. Bila yeye nisingeweza kuanza. Miaka ya mwanzo chuoni ilikuwa ya konseto (vipande vya mpigaji mmoja mbele ya okestra), skeli na vipande vya kufanyia usaili. Kila mtu darasani alijiandaa kuwa nyota, na aliyeona hatofika huko alilenga kiti katika okestra kubwa yenye mshahara. Baroko niliingia kwa mlango wa pembeni: chuo kilikuwa na mradi wa kantata za Bach, zile kazi za waimbaji na okestra, mpiga selo mmoja akaugua, mimi nikaazimwa upinde wa baroko na kuambiwa nikae karibu na ogani. Siku ile nilisikia mwimbaji akivuta pumzi mgongoni kwangu, na mkono wangu ukasubiri wenyewe. Kiongozi wa selo akageuka kuniangalia. Baada ya mazoezi akaniuliza nimejifunzia wapi kusindikiza. Nikamwambia taarabu. Hakuijua, akataka nimwimbie.

Ndipo nikahamia idara ya muziki wa kale katika Konsevatori ya Kifalme, chuo cha muziki cha The Hague. Mji ule una historia yake kwenye jambo hili. Mpiga selo Anner Bylsma alizaliwa pale 1934, akawa kiongozi wa selo katika okestra ya Concertgebouw ya Amsterdam kuanzia 1962 hadi 1968, kisha akauacha mshahara ule na kujitosa kwenye nyuzi za utumbo. Alifundisha konsevatori ile ile, na rekodi yake ya suti za Bach ya 1979 ilibadilisha masikio ya watu wengi. Vienna nako, Nikolaus Harnoncourt alipiga selo katika okestra ya Vienna Symphony tangu 1952 hadi 1969, na katikati ya kazi hiyo, mwaka 1953, yeye na mkewe Alice waliasisi Concentus Musicus, okestra ya ala za kale. Nawataja kwa sababu vijana hudhani baroko ni kimbilio la walioshindwa kwingine. Waliofungua njia hii walikuwa na viti ambavyo wengine walivitamani.

Sasa niseme juu ya ala yenyewe, maana hapa ndipo watu hupoteza fedha.

Selo ya baroko haina ule mguu wa chuma wa kuchomeka sakafuni. Mguu ulienea karne ya 19, na mara nyingi hutajwa Mbelgiji Adrien-François Servais kuwa ndiye aliyeusambaza. Kabla ya hapo wengi waliikumbatia selo kwa mashavu ya miguu. Jambo hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Mimi huvaa nguo ndefu, na miezi ya kwanza selo iliteleza kila nikifika noti za juu, kwa sababu sketi yangu ya konsati ilikuwa ya kitambaa laini. Nikaumia mgongo kwa kuibana kwa nguvu. Mtaalamu wa viungo alinifundisha kukaa ukingoni mwa kiti, magoti yakiwa chini kidogo ya nyonga, na selo kuiacha iegemee kifua badala ya kuibana. Dada zangu mnaovaa baibui au sketi ndefu: shoneni nguo ya kazi kwa pamba nzito isiyong'aa, pana magotini, na muifanyie mazoezi kabla ya siku ya konsati. Pia chukueni mto mwembamba wa kukalia, kwani viti vya makanisani ni vifupi na vimeinama nyuma.

Nyuzi ni za utumbo wa kondoo. Mbili za juu huwa utumbo mtupu, za chini huzungushiwa waya wa fedha au shaba. Ufundi huo wa kuzungushia waya ulianza katika nusu ya pili ya karne ya 17, na ndio uliowezesha selo ipunguzwe ukubwa kutoka yale mabesi makubwa yaliyotangulia. Uzi mmoja unaweza kukugharimu chakula cha siku kadhaa, nao hukatika bila taarifa. Usingoje ukatike ndipo ufunge mpya, kwa sababu uzi mpya wa utumbo huendelea kunyooka kwa siku nyingi na haukai kwenye sauti. Funga mpya nyumbani, upige mpaka utulie, kisha uutoe uuweke kwenye bahasha kuwa akiba. Ukiona vinyweleo vinachomoza kwenye uzi, vikate kwa kikata kucha. Ukivivuta kwa vidole vinachana uzi hadi chini. Kisha pitisha tone la mafuta ya lozi kwa kitambaa.

Upinde wa baroko umebinuka kwenda nje, ni mwepesi zaidi, na ncha yake haina nguvu kama ya upinde wa kisasa. Huanza na sauti iliyojaa, halafu sauti hufifia yenyewe kuelekea ncha. Kwa mpiga solo hiyo ni kasoro ya kupigana nayo. Kwa mpiga besi ni msaada mkubwa: kila noti inazungumza na kuacha nafasi, na mwimbaji anasikika bila kupaza.

Ushauri wangu kuhusu ununuzi ni huu. Anza na selo uliyo nayo. Toa nyuzi za chuma, fundi akufungie za utumbo na kulirekebisha daraja (kibao kinachoinua nyuzi), ondoa mguu, halafu nunua upinde mzuri kabla ya kitu kingine chochote. Upinde wa fundi anayeheshimika ni euro 2,000 na zaidi, na huo ndio utakaokufundisha. Selo kamili ya baroko kutoka kwa fundi wa Ulaya ni zaidi ya euro 10,000, mara nyingi mbali na hapo, na mwanafunzi hana haja nayo mwaka wa kwanza. Baadaye utahitaji upinde wa pili, wa mtindo wa mwisho wa karne ya 18, kwa sababu okestra hizihizi hupiga Haydn na Mozart pia, na huko sauti ya A, ambayo wote hupangia ala zao, hupandishwa kutoka hezi (mitetemo kwa sekunde) 415 hadi 430.

Hiyo 415 iliwatesa wenzangu waliozoea 440, kwa kuwa ni takriban nusu toni chini: jicho linasoma A, sikio linasikia G-shapu. Mimi haikunisumbua. Kwenye taarabu tulifuata sauti ya mwimbaji na ya ala ya kanuni, popote zilipo. Kilichonipa kazi ni upangaji wa sauti. Ukizipanga nyuzi zako nne kwa masikio peke yake, kila pengo kati ya uzi na uzi likiwa safi, uzi wa C utakuwa chini mno kwa hapsikodi, kinanda cha zamani cha nyuzi za kudonolewa, ambayo mapengo yake yamebanwa kidogo kwa makusudi. Chukua kila uzi kutoka kwenye hapsikodi, mmoja mmoja, na ukiwa umekaa pale usione aibu kuomba noti tena. Mpiga hapsikodi anampenda mtu anayeomba tena kuliko anayejifanya amesikia.

Nimefika kwenye kiini. Baso kontinuo ni mstari wa besi unaokwenda tangu mwanzo wa kipande hadi mwisho. Selo hupiga noti za chini zilizoandikwa, na mwenye hapsikodi, ogani au teobo (udi mkubwa wa shingo ndefu) hujazia sauti za juu kwa kufuata tarakimu ndogo zilizo kwenye karatasi. Wapiga selo wengi huzipuuza tarakimu zile wakidhani haziwahusu. Mwalimu wangu wa The Hague (kumwita kwa jina tupu kama wanavyofanya Waholanzi kulinishinda, nikaendelea kumwita Mwalimu hadi akazoea) alinisomesha tarakimu kabla ya kunipa sonata yoyote. Ukiona 4 ikifuatiwa na 3 juu ya noti moja ndefu, maana yake kuna mgongano wa sauti unaokwenda kufunguka, basi egemea mwanzo wa noti kisha iachie. Ukiona 6, noti yako si msingi wa kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja), basi usiikanyage. Ukiona 7, kuna kitu kinadai jibu, usikatishe. Mtu asiyesikia mambo haya hupiga besi yote kwa uzito mmoja, na kiongozi wa okestra humgundua ndani ya ukurasa mmoja.

Nililazimika kusoma hapsikodi kama somo la pili, na nakushauri ulichukue hata kama si lazima chuoni kwako. Vidole vyangu havikuwahi kuwa vizuri kwenye kinanda. Lakini baada ya muda nilianza kusikia kodi nzima ndani ya kichwa ninapopiga noti moja ya chini, na hilo halifundishwi na selo peke yake.

Zoezi moja nalikumbuka kwa undani. Johannes-Passion ya Bach, ya 1724, kisa cha mateso ya Yesu kwa mujibu wa Yohana kilichotungwa kuimbwa, inaanza kwa besi kurudia noti ya G ileile kwa muda mrefu, huku fidla zikizunguka juu yake na filimbi na obo (ala nyingine ya kupuliza) zikigongana. Mwalimu alinipa zile G tu. Nilizipiga kwa nguvu sawasawa, kwa umakini, na kila G ikiwa safi. Akanisimamisha, akaketi kwenye hapsikodi na kunipigia kodi zinazobadilika juu ya ile G isiyobadilika. "Piga tena, sikiliza juu." Mara hii upinde wangu ulianza kupima: hapa palikuwa na mgongano, pale palikuwa na nafuu, na pale giza lilirudi. Tulifanya hivyo somo zima, noti moja. Nilitoka nimechoka kuliko siku ya konseto.

Lingine ni resitativo, zile sehemu mwimbaji anapozungumza kwa kuimba. Kwenye Matthäus-Passion, kisa hicho kwa mujibu wa Mathayo, katika nakala safi ya Bach mwenyewe ya 1736, besi ya Mwinjilisti (mwimbaji anayesimulia kisa) imeandikwa kwa noti ndefu, lakini kwenye karatasi za wapigaji noti zilezile ni fupi na zinafuatwa na kimya. Mpiga selo anatakiwa kujua desturi hiyo, kujua Kijerumani cha kutosha kufuata kila neno, na kuiweka noti yake pale silabi inapoangukia, si kabla wala baada. Petro anapomkana Bwana wake na jogoo kuwika, Mwinjilisti huimba kwamba alilia kwa uchungu, na neno lile la kulia linanyooshwa juu kwa juu, kila mwimbaji kwa namna yake. Huwezi kuhesabu hapo. Hakuna kondakta atakayekuonesha. Unamtazama mwimbaji kifuani na kusubiri. Hapo ndipo maneno ya Maalim yaliponilipa, miaka mingi baada ya yeye kuyasema.

Kwa hiyo jifunze lugha. Kijerumani na Kiitaliano cha muziki kwanza, Kifaransa baadaye. Tafsiri kila maandiko neno kwa neno kwa penseli juu ya karatasi yako. Nimewaona wapigaji hodari wasioitwa tena kwa sababu tu walifunika neno muhimu.

Na suti za Bach? Zipige, tena kila siku. Zitaombwa kwenye usaili pamoja na resitativo, na ya tano itakufundisha kushusha uzi wa A hadi G. Soma pia ricercari za Domenico Gabrielli za 1689, mpiga selo wa San Petronio kule Bologna, ambazo ni miongoni mwa vipande vya mwanzo kabisa vya selo peke yake. Na kitabu cha mafunzo cha Michel Corrette, kilichotoka Paris 1741, kinachoonesha kwamba hata wakati ule watu walishika upinde kwa namna tofauti. Ila jua kwamba hayo ni ya kukujenga. Simu hazipigwi kwa ajili yake.

Fedha nazo lazima nizieleze bila kuficha. Mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hulipa ada iliyo mara kadhaa ya ile ya Mholanzi. Ili upate kibali cha kuishi lazima uoneshe una fedha za kujikimu, zinazozidi euro 1,000 kwa kila mwezi wa mwaka, na chuo hutaka kuziona mapema. Familia yangu iliuza kiwanja cha Fuoni. Mama hakunilalamikia hata siku moja, lakini kila aliponiuliza kwenye simu, "Mwanangu, hiyo kazi ina mshahara?" nilinyamaza kidogo kabla ya kujibu. Kazi ya kuajiriwa kwa mwanafunzi wa nje ina mipaka: saa 16 kwa wiki, au muda wote katika miezi ya Juni hadi Agosti, na mwajiri lazima akuombee kibali. Nilifundisha watoto na nikaosha vyombo hotelini. Mikono inaharibika kwa maji ya moto, vaa glavu.

Jibu la swali la Mama ni kwamba mshahara hakuna. Okestra nyingi za baroko hulipa kwa mradi. Hata zenye majina makubwa hukusanya watu kwa ziara moja moja, na nyingine, mfano Freiburger Barockorchester ya 1987, zinaendeshwa na wanamuziki wenyewe. Safu ya selo ni ya watu wawili, watatu. Kwa hiyo hakuna tangazo la nafasi unaloweza kulingoja. Kuna orodha ya namba za simu kwenye kichwa cha kiongozi wa selo, na unataka kuwa wa tatu kwenye orodha ile, kwa sababu wa kwanza na wa pili siku moja watakuwa na mradi mwingine.

Njia za kuingia kwenye orodha zipo. Okestra za vijana ni bora kuliko zote: ile ya Abbaye aux Dames kule Saintes, Ufaransa, iliyoanza na Philippe Herreweghe 1996, au Theresia, ya vijana wa chini ya miaka 28 wanaopiga muziki wa zama za Haydn na Mozart. London, Orchestra of the Age of Enlightenment ina mpango wake wa kuwaketisha vijana pamoja na wazoefu. Tamasha la muziki wa kale la Utrecht, lililopo tangu 1982, hutoa nafasi kwa vikundi vichanga pembeni ya ratiba kuu, na viongozi wa okestra huja kusikiliza. Pia jitolee kusindikiza masomo ya waimbaji. Hili sikushauriwa na mtu. Nilikuwa nakwenda darasa la waimbaji wa baroko kila wiki na selo yangu, wakifurahi kupata besi ya bure. Wale waimbaji ndio waliokuja kunitaja kwa makondakta. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilitoka kwa mwimbaji mmoja wa kiume wa sauti ya tena aliyesema hataki mpiga selo mwingine kwenye resitativo.

Uholanzi kuna msimu mmoja unaolisha wapigaji wengi: majuma ya kabla ya Pasaka. Netherlands Bach Society wamekuwa wakipiga Matthäus-Passion pale Naarden tangu 1922, na desturi imeenea hadi miji midogo. Kwaya za watu wa kawaida huajiri okestra ya baroko kwa mazoezi mafupi na konsati moja. Mwaka jina lako likiingia kwenye msimu huo, kodi ya nyumba ya miezi kadhaa imepatikana. Lakini ni kazi ya nguvu. Zaidi ya saa mbili na nusu za muziki, kanisa la mawe lenye baridi, kisha treni ya usiku na kesho mji mwingine.

Mimi ni Mwislamu, na mwaka 2023 Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 7 Aprili, katikati ya Ramadhani. Konsati ilianza saa moja na nusu usiku, na jua la kule lilizama baada ya saa mbili na dakika kama ishirini, yaani katikati ya sehemu ya kwanza. Matthäus-Passion ina okestra mbili, nami nilikuwa ya pili, ambayo hukaa kimya wakati ya kwanza inapomfuata Mwinjilisti. Mpiga violone, ile besi kubwa kuliko selo, aliyesimama nyuma yangu aliijua saa yangu kuliko mimi. Magharibi ilipoingia alinigusa bega kwa ncha ya upinde, nikachukua tende niliyoiweka kwenye kisahani cha stendi, nikanywa funda la maji, na baada ya kurasa mbili tukaingia na kwaya. Watu huniuliza kama najisikia vibaya kupiga muziki wa kanisani. Sijisikii vibaya. Napiga kisa cha mateso cha watu wanaokiamini kwa moyo, na kazi yangu ni kuyafikisha maneno yao yakiwa kamili. Mama alipoona video alisema tu nivae soksi nzito. Mwaka uliofuata nilihamishiwa okestra ya kwanza, kwa sababu ya resitativo.

Kuna jambo la uchungu pia. Kikundi kimoja kilituchukua ziara ya nchi tatu kwa makubaliano ya mdomo. Nauli nilijilipia, na tiketi ya pili ya ndege kwa ajili ya selo, maana selo haiwekwi mizigoni. Malipo yalicheleweshwa mpaka tukayakatia tamaa, kisha yakaja nusu. Tangu hapo sifungui sanduku la selo bila barua yenye mambo haya: kiasi cha kila konsati na kila siku ya mazoezi, nani anamlipia "abiria" wangu wa mbao, malazi na chakula, kama kuna kurekodi na nani ana haki ya rekodi hiyo, na tarehe ya malipo. Hakuna kiongozi mwema aliyewahi kukasirika kwa kuombwa barua hiyo.

Ukimaliza shahada Uholanzi unaweza kuomba kibali cha mwaka mmoja cha kutafuta kazi, na ndani yake unaruhusiwa kujiajiri. Mwaka huo hauongezwi. Jisajili kama mfanyabiashara binafsi kwenye chemba ya biashara wiki ya kwanza, hifadhi kila mkataba, kila programu yenye jina lako na kila barua ya mwaliko, kwani kibali cha kujiajiri kinachofuata kinapimwa kwa pointi na karatasi hizo ndizo ushahidi. Tafuta mhasibu anayewajua wanamuziki. Na uombe ala mapema kwa Nationaal Muziekinstrumenten Fonds, mfuko unaoazima ala kwa wanamuziki kwa mchango mdogo. Kuna usaili, na kuna foleni.

Kitu cha mwisho nilichoongeza ni viola da gamba. Inafanana na selo kwa mbali tu: ina nyuzi sita au saba, vikamba vya utumbo vimefungwa kuizunguka shingo kuonesha mahali pa vidole, na upinde hushikwa kiganja kikitazama juu. Mkono wangu wa kulia ulichanganyikiwa kwa miezi. Lakini okestra inayosafiri na Johannes-Passion inahitaji gamba kwa aria (wimbo wa mwimbaji mmoja) moja tu, "Es ist vollbracht", na kiongozi akimpata mtu mmoja wa kupiga besi ya selo jioni nzima kisha kubadilisha ala kwa dakika zile, anaokoa nauli na chumba cha hoteli. Nimeazima gamba, namlipa mwalimu kwa kuwasindikiza wanafunzi wake, na kwa msimu ujao nimeulizwa kama nitaiweza aria ile. Nimejibu kwamba ndiyo, mradi mkataba utaje posho ya ala ya pili, na muda kati ya vipande wa kutosha kuipanga sauti. Wamekubali yote mawili kwa maandishi.